Gitaa la Kanisa Nililolichonga

Nililichonga gitaa la besi la kanisa kwa panga na kipande cha chupa ya bia. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asije akaniona mtakatifu huko mbele, na pia kwa sababu watu wa parokia yetu hapa Songea wamelisimulia kwa namna zao, wengine wakidai nilitumia msumeno, wengine kwamba nililikalia. Hakukuwa na msumeno. Kulikuwa na panga, chupa, msasa kidogo, na ujeuri wangu.

Ilikuwa miaka ile vitu vilipoanza kurudi madukani. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni tulikuwa tukiingia dukani na kusimama tu, tukishangaa rangi. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye shirika moja la umma, nikaanza kuuza mitumba sokoni: magauni ya maua, na makoti mazito ya watu wa nchi za baridi, ambayo kwa Songea ya mwezi wa saba hayakuwa mzaha. Shirika lile lilikuwa na bendi yake. Lilipoanza kufa, bendi ilitangulia, na vyombo vikagawanyika huku na huku. Kwaya yetu ikaambulia gitaa la solo, gitaa la besi, amplifaya moja na spika kubwa iliyochanika kitambaa cha mbele.

Mpiga besi wetu wa kwanza alikuwa bwana afya aliyetoka mkoa mwingine, mtu mrefu mwenye vidole kama miguu ya kaa. Alitupigia mwaka mmoja, serikali ikamhamisha. Vijana wote waliobaki walitaka solo. Besi ilionekana kama kuteka maji siku ya harusi, kazi ya lazima ambayo hakuna anayekutazama ukiifanya. Mwalimu wa kwaya aliuliza nani atashika besi, wanaume wakatazama viatu vyao. Nikanyoosha mkono.

Mwenyekiti wa kwaya alicheka kwanza, kisha akaona sicheki. Alikuwa fundi cherehani, mtu mzima, mpole kwa wateja wake na mkali kwetu. Yeye mwenyewe aliimba sauti ya nne, na nadhani moyoni aliamini kwamba besi ni mali ya wenye ndevu.

"Dada yangu," alisema, "watu watakutazama wewe badala ya kutazama altare."

"Basi nitavaa gauni baya," nikamjibu.

Mwalimu alituamua. Nitapewa gitaa hadi sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu msimamizi wetu, miezi miwili mbele, siku ambayo kwaya za vigango vyote na za parokia jirani huja kuimba pamoja nasi. Nikiweza, besi ni yangu. Nikishindwa, linarudi kabatini na mimi narudi sauti ya pili, mahali nilipokuwa nimeimba tangu nilipopata Komunyo ya kwanza.

Mwezi wa kwanza uliniadabisha. Kichwa kilielewa haraka, maana kwaya yetu iliimba kwa do-re-mi na mimi nota nilikuwa nazisoma kama wengine wanavyosoma barua ya posa. Mkono ndio uliogoma. Mkono wangu ni mdogo, viatu vyangu mpaka leo nanunua upande wa watoto, na shingo ya lile gitaa ilikuwa nene kama mchi. Kidole gumba nikikiweka nyuma, vidole vya mbele havikuufikia ule uzi mnene. Nikiufikia, sikuwa na nguvu ya kuukandamiza. Baada ya nusu saa kiganja kilikuwa kinawaka, na sokoni kesho yake nilikuwa nashindwa kukunja makoti. Nilikasirika. Mimi nikikasirika sitafuti ushauri, natafuta kifaa.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kwetu. Mtu hapewi jembe, anachongewa. Jembe la dukani ni chuma tu. Mpini ndio unaolifanya liwe la fulani. Baba alikuwa anakata mti, anauacha ukauke darini kwenye moshi, halafu anamwita mwenye jembe. Unaushika, unafumba ngumi, naye anatazama vidole vyako vinakutana wapi. Anachonga kwa panga, anakwangua kwa kipande cha chupa, anakupa tena ushike. Mpini wa mama ulikuwa mnene kidogo, wangu mwembamba, wa kaka zangu kama nguzo za banda. Ole wako uchukue jembe la mwenzio: jioni viganja vimejaa malengelenge, na hakuna wa kukuhurumia, utaulizwa tu kwani la kwako liko wapi. Kwa hiyo nilipoitazama ile shingo ya gitaa sikuona chombo cha muziki. Niliona mpini wa bwana afya.

Jumamosi asubuhi nilikaa uani kwangu Bombambili, nikafungua nyuzi zote nne, nikaliweka gitaa mapajani na kuanza. Niligusa nyuma ya shingo tu. Ule upande wa mbele wenye vichuma vilivyopangwa kama ngazi sikuugusa, sikuwa mwendawazimu kiasi hicho. Panga lilikuwa limenolewa vizuri. Rangi ilibanduka, ikafuata mbao nyekundu yenye harufu nzuri, ikitoka kwa maganda membamba kama ya karoti. Nilifumba ngumi, nikapima, nikachonga tena. Nilipoona vidole vinakaribia kukutana nikachukua chupa na kukwangua, kisha msasa, kisha nikaipaka mafuta ya nyonyo mpaka ikang'aa. Ulikuwa mpini mzuri. Baba mwenyewe asingeona pa kurudia.

Nikarudisha nyuzi, nikalituni, nikapiga. Jamani! Vidole vilifika kila mahali. Nilipiga wimbo wa mwanzo, wa matoleo, wa shukrani, nikapiga na nyimbo ambazo si za kanisani, na mtoto wangu akatoka jikoni kucheza na mwiko mkononi. Siku tatu nilitembea sokoni kama mtu aliyeshinda kesi. Nilijiuliza hao mafundi wa magitaa huko viwandani kwao, kwa nini hawawapimi watu mikono.

Siku ya nne, gitaa likanijibu. Nilibonyeza uzi, haukushuka. Nikabonyeza kwa nguvu, ukashuka na kutoa sauti ya kando, si do wala si re, kitu cha katikati kinachokera meno. Nikaliinua na kulitazama kwa ubavu. Shingo ilikuwa imepinda kwenda mbele kama mtu anayeinama kusalimia wakwe, na pale katikati nyuzi zilikuwa zimeinuka mno kiasi cha kupitisha kidole chini yake.

Nilijaribu yote. Kichwani mwa gitaa kulikuwa na skrubu ya kunyooshea shingo, lakini watu wa bendi walikwisha kuila meno zamani. Spana ya baiskeli ilizunguka bure. Nililaza gitaa kwenye matofali mawili nikaikandamiza shingo kwa jiwe la kusagia kutwa nzima. Likanyooka. Nikafunga nyuzi, nikatuni, kabla chai haijachemka likainama tena. Ningeweza kuongeza mbao? Mbao yenyewe ilikuwa imelala uani kwa vipande, kuku wanaichakura. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu; wangu alizaliwa siku hiyohiyo na akaanza kutembea.

Nilifikiria kusema uongo. Nilifikiria kusema ni unyevu wa masika, au kwamba lilianguka. Badala yake nikaliviringisha gitaa kwenye koti moja refu la mtumba, nikaenda nalo kijijini kwa baba, upande wa kwenda Hanga, kwa sababu ni yeye tu niliyemjua anayeelewa miti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo maiti uliyobeba ni ya nani?"

Nikamfungulia koti. Alipitisha kiganja nyuma ya shingo, taratibu, akaenda na kurudi.

"Mali ya nani hii?"

"Ya kanisa."

"Na aliyechonga?"

"Mimi, baba."

Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya kinu. Mama akatoka nje kuuliza kuna nini, baba akamwonyesha gitaa kwa kidole, bado akicheka. Nilitaka kulia, nikaona hata kulia nitachekwa.

"Kuchonga umechonga vizuri," alisema alipopata pumzi, akifuta macho. "Siaibiki. Lakini mpini kazi yake kupiga chini, hauvutwi. Huu umeufunga waya nne zinauvuta mchana na usiku, na nyama umeshaitoa. Hebu zilegeze kwanza hizo waya, zinautesa mti."

Hakuwa ananipa dawa. Alikuwa anauonea huruma mti, basi, kama anavyomfungulia mbuzi kamba iliyombana. Lakini nikazilegeza, kidogo kidogo, uzi kwa uzi, huku nikiitazama shingo kwa ubavu. Ikaanza kurudi. Nikaendelea kulegeza zote kwa kipimo kimoja, kila uzi ukishuka sawa na mwenzake, mpaka shingo ikanyooka kabisa. Nyuzi zilikuwa zimeshuka hatua mbili nzima chini ya mahali pake. Nikabonyeza. Zilikuwa laini. Kidole changu kidogo, kile kisichofaa hata kwa kukunia kichwa, kilibonyeza uzi mnene bila shida.

Ndipo nikaelewa, na hasira niliyoipata sijaisahau. Ningezilegeza tangu mwanzo, uzi ungebonyea hata kwa ncha ya kidole, nisingehitaji panga. Kile nilichokuwa nakitafuta kwenye mbao kilikuwa kwenye nyuzi. Niliharibu shingo nzima ya gitaa kwa jambo ambalo ningelipata kwa kuzungusha funguo nne.

Nikaupiga ule uzi mnene ukiwa wazi. Hata bila umeme ulinguruma mbavuni mwangu. Baba akainua kichwa. "Sasa hiyo ndiyo sauti," alisema. "Ngoma kubwa inayochezewa lizombe hulia hivyo. Ile ya mwanzo bila shaka ilikuwa ya mbu." Mama akatuita tule.

Nilirudi mjini nimekata shauri kuwaambia wenzangu, ila nilipanga kuanza na mwalimu, polepole, baada ya mazoezi. Mwenyekiti hakunipa nafasi. Siku hiyo alikuwa mwema, akalichukua gitaa anisaidie kulipeleka mbele, na kiganja chake kikapita nyuma ya shingo. Fundi cherehani ana vidole vinavyoona.

"Mbona hili gitaa limekonda?"

"Nililichonga," nikasema.

Kelele zilizofuata sitaziandika zote. Sauti ya kwanza walishika midomo, sauti ya tatu walicheka. Mwenyekiti alisimama katikati akiwa amelikumbatia gitaa kama mtoto aliyeokolewa kisimani.

"Mali ya kanisa unaichonga kama mwiko?"

Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia hivyo mbele ya wote, na kwa mtu wa tabia yangu hilo ni sawa na kung'oa jino. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameinamia karatasi zake muda wote. Akauliza jambo moja tu.

"Linapiga au halipigi?"

"Linapiga, mwalimu. Ila kila kitu kimehama."

"Basi lipige."

Nikapiga, na ilikuwa aibu. Mkono ulikwenda pale ulipozoea, na pale sasa palikuwa na sauti nyingine kabisa. Kwaya iliimba upande mmoja, mimi nikasikika upande mwingine kama mlevi anayejibu sala. Mwenyekiti alingoja mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Zimebaki wiki tatu. Sikukuu ikiharibika kwa ajili ya gitaa hili, usifikiri utarudi sauti ya pili. Utakaa kwenye mabenchi na waamini wengine."

Hakuna aliyenitetea, wala sikustahili. Niliondoka nikijua kwamba sasa sigombanii besi tena, nagombania kwaya yenyewe. Nilikuwa nimeimba pale tangu nikiwa na meno ya maziwa. Kazi ilikuwa imekwisha kunitoka, na baba wa mtoto wangu alikuwa na mambo yake Mtwara. Siku ya kwaya ndiyo siku niliyokuwa mtu.

Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Wiki tatu zile nilipiga kila nilipopata upenyo, gitaa likiwa kavu bila umeme, nimeegemea marobota ya mitumba, wateja wakipekua huku wakitikisa vichwa. Bwana afya alikuwa anapiga kwa kuhesabu: chuma cha tatu, chuma cha tano. Ningehesabu kama yeye ningeumbuka. Lakini mimi nililelewa na do-re-mi, na do haina kwao. Leo iko hapa, kesho mwalimu anaihamishia pale, na waimbaji wote wanaifuata bila kulalamika. Basi nikaacha kutafuta vyuma nikaitafuta do. Kwa kila wimbo niliimba kwanza mdomoni sauti ya nne, sauti ya wenye ndevu, kisha nikauacha mkono uitafute. Wiki ya pili mkono ukaacha kuuliza.

Mazoezini tulipiga kwa sauti ya chini sana, maana masista wa jirani walikuwa na saa zao za sala. Kwa hiyo hakuna aliyejua lile gitaa litasema nini likifunguliwa, hata mimi sikujua.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Zilikuja kwaya saba. Moja, kutoka upande wa Peramiho, ilikuja na mashati mapya ya rangi moja na magitaa yanayong'aa, na mpiga besi wao alikuwa kijana wa kiume mrefu, aliyelitazama gitaa langu kama daktari anavyomtazama mgonjwa wa mwenzake. Gauni langu lilikuwa zuri, nilikuwa nimesahau ahadi yangu.

Wimbo wa kuingia niliuanza vibaya. Nasema ukweli: mstari mzima mkono ulirudi kwenye njia za bwana afya, na niliona shingo ya mwenyekiti ikigeuka polepole kutoka safu ya nyuma. Nikaacha kupiga. Nikafunga macho, nikaimba do kwa ndani, nikaipata, nikaingia tena. Tulimaliza salama. Salama haitoshi kumweka mtu kwenye kwaya, na nililijua hilo.

Halafu yakaja matoleo. Mwalimu alikuwa amechagua wimbo wa do ya chini, na ule uzi mnene ukiachwa wazi sasa ulikuwa unatoa do hiyohiyo, ya chini kabisa kuliko zote, ambayo gitaa lile halikuwahi kuwa nayo tangu lizaliwe. Fundi mitambo wetu, kwa kuwa kanisa lilikuwa limejaa, akafungua amplifaya mpaka mwisho. Mwalimu akashusha mkono. Nikaupiga uzi.

Mabati yalitetema. Sisemi kwa kupamba. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye kenchi za paa, na mtoto mmoja pale mbele akashika kifua chake na kumtazama mama yake. Sauti ilipita chini ya mabenchi, ikapanda miguuni. Sauti ya nne waliipata do yao imelala chini yao kama sakafu, wakaikanyaga bila woga, wakaimba kama sijawahi kuwasikia. Akina mama waliokuwa kwenye mstari na nyungo zao za mahindi, kuku na maboga walisimama kidogo. Kisha mmoja, bibi mwenye kuku kwapani, akaingiza bega. Bega la lizombe, ule mchezo wetu wa ngoma, mnalijua. Wa nyuma yake akalipokea. Kabla ubeti wa pili haujaisha mstari mzima wa matoleo ulikuwa unacheza kuelekea altareni, vigelegele vimejaa paa, na Baba Paroko amesimama na mikono wazi, akingojea sadaka ambayo haikuwa na haraka ya kufika.

Mwalimu alizungusha kidole: rudieni. Tukarudia. Akazungusha tena. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja na sikujali nani ananiona. Nililipenda lile gitaa, na nililionea huruma, kwa sababu nilijua halitaweza tena kuwa kama lilivyokuwa. Shingo ile haikuwahi kupona. Miaka yote tuliyolitumia halikustahimili nyuzi kukazwa, na ule ubao niliouondoa naujutia mpaka leo. Lakini siku ile nilikuwa nimeshinda, na ushindi niliushika kwa mikono miwili.

Baada ya Misa tulitoka nje, watu wakanipa mikono. Yule kijana mpiga besi alikuja moja kwa moja, akaomba kulishika gitaa. Nikampa. Likachomekwa kwenye amplifaya iliyokuwa imetolewa nje, akapiga mapigo mawili matatu ya kujisifu, ikatoka kelele tupu. Akarudia polepole. Akakunja uso, akatazama vichuma, akahesabu kwa vidole, akakosa tena. Watu wakaanza kucheka. Akaniuliza kwa upole wa kweli nimelifanya nini, ili naye akalifanye lake vivyo hivyo.

"Usiguse mbao," nikamwambia. "Kuchonga ulikuwa ujinga wangu. Legeza nyuzi, kisha itafute do upya."

Alikuwa anafungua mdomo kuuliza zaidi, mwenyekiti akapita katikati yetu. Hakunitazama. Alilichukua gitaa mikononi mwa yule kijana, akapitisha kiganja chake cha fundi nyuma ya shingo, mara moja, akanirudishia mimi.

"Mazoezi Jumamosi saa tisa," alisema. "Usichelewe, mpiga besi."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Jumamosi nilifika saa nane.